Mkasi wa Mama Mdogo

Mama yake alimwambia asiende na kamera. Alimwambia mara mbili, na mara ya pili alimshika mkono wa shati kama anayemzuia mtoto asivuke barabara. "Unakwenda kuhani, huendi kutembea," alisema. "Kwenye msiba wa watu macho mawili yanatosha." Yeye akaitikia, "Sawa mama," kisha akaingia chumbani, akaiviringisha kamera ndani ya suruali mbili, lenzi ndefu akaitumbukiza kwenye soksi nene ya baridi, stendi ya miguu mitatu akaikunja chini kabisa, na juu ya vyote akaweka kitenge alichotumwa ampelekee mama mdogo. Begi likafungika vizuri. Begi halina mdomo.

Hata huko kuhani kwenyewe alikuwa amechelewa miezi mitatu. Siku baba mdogo alipofariki, yeye alikuwa kwenye kinamasi, amejibanza ndani ya kibanda cha matete, akimngoja korongo mmoja ambaye wenzake wa kikundi cha wapiga picha za ndege walisema ameonekana huko. Alikaa siku tatu. Aliporudi nyumba ya wageni na kuiwasha simu, ilitetemeka juu ya meza kama mtu mwenye homa: ujumbe arobaini na mmoja. Alipousoma wa mwisho, baba mdogo alikuwa amekwisha zikwa jana yake.

Aliwaambia watu kwamba huko hapakuwa na mtandao. Mtandao ulikuwepo. Mnara wa simu ulionekana kutoka kibandani, na usiku taa yake nyekundu ilikuwa ikimkonyeza. Simu aliizima mwenyewe, kwa kidole chake, isije ikalia ikamtimua ndege. Hilo alilijua yeye peke yake, na siri ya mtu mmoja haina wa kumsaidia kuibeba.

Kwao walimwita Darubini. Jina hilo alipewa na marehemu mwenyewe, tangu alipokuwa kijana anayeanguka mitaroni kwa kutembea akiangalia juu. Kazini, hospitalini, alikuwa mtu wa eksirei. Kutwa nzima alikuwa akiwaambia watu, "Vuta pumzi. Ishike hapo hapo. Haya, achia." Wagonjwa walimpenda kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi. Hakuna aliyejua kwamba upole ule aliusomea kwa ndege.

Alimkuta mama mdogo kwenye chumba cha mbele, chumba cha kushonea, futi ikiwa shingoni na pini tatu zikiwa kwenye kola. Cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, mafungu ya sare za shule, na kwenye ukuta msumari mmoja ulioning'iniza mkasi mkubwa mweusi. Alikuwa amekonda, lakini hakulia. Alisimama, akajifuta nyuzi kwenye magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umefika."

"Mama, mimi... kuhusu siku ile..." Maneno alikuwa ameyapanga saa sita nzima ndani ya basi, na sasa yalimtoka kinyumenyume.

"Nyamaza," mama mdogo alisema. "Ulikuwa porini, simu haishiki. Ungefanyaje? Watu walianza kusema, nikawaambia mbele ya wote: yule mwanangu asilaumiwe. Marehemu alikupenda, na angesema vivyo hivyo. Kaa, upewe maji."

Akakaa. Maneno yale yalimkaa mwilini kama pini iliyosahauliwa kwenye shati jipya: ukitulia huisikii, ukigeuka inakuchoma.

Maji aliletewa na shemeji yake, mke wa mdogo wake, yaani mtoto wa pekee wa mama mdogo. Huyo mume alikuwa dereva wa lori na wiki ile yote alikuwa safarini. Shemeji ndiye aliyekuwa mkono wa kulia pale nyumbani: alipiga pasi, alitia vifungo, alifua, na kwa utani hakuwa na mpinzani.

"Ehee! Mume wangu wa akiba kafika!" alisema, akiweka bilauri. "Sisi tulidhani umeshaoa huko porini, umeoa bundi."

"Bundi alinikataa, shemeji. Alisema nina macho makubwa kuliko yake."

"Hakukosea. Na hayo macho yako uyafunge leo ulale. Nimekutandikia."

Jioni alipompelekea taulo, alisimama mlangoni akainua soksi kwa vidole viwili. "Nimesogeza begi lako nifagie, hii ikadondoka. Shemeji, hii soksi nzito hivi, una mguu wa chuma?"

Darubini alihisi uso ukimpata moto. "Ni... Mama alinikataza. Sitaitoa."

Shemeji alicheka kimyakimya, akairudisha soksi mahali pake. "Siri yetu. Mume wa akiba lazima uwe na cha kumfichia."

Asubuhi yake mama mdogo alimwita dirishani kwa kidole, bila kutoa sauti. Nje ya dirisha la chumba cha kushonea palikuwa na mpera, matawi yake yakikaribia kugusa ukuta. Kwenye panda ya tawi jembamba, juu kidogo ya kichwa cha mtu, palikuwa na kiota kidogo kama kikombe cha kahawa, kimefumwa kwa nyuzinyuzi na utando wa buibui, na juu yake majani yamefunika kama mwavuli. Ndani yake alikuwa amelala ndege wa rangi ya hudhurungi, kichwa cheusi chenye kishungi, pete ya buluu machoni. Mkia wake ulitoka nje ya kikombe ukaning'inia, mrefu kuliko yeye mwenyewe mara mbili, kama mtu aliyelala na shuka likaburura.

Darubini alishika pumzi. Ndege wa namna hiyo alikuwa amewaona wakipita mara nyingi, mshale mwekundu kati ya majani, na picha alizokuwa nazo zote zilikuwa za mkia bila kichwa au kichwa bila mkia. Hakuwahi kumpata dume ametulia kiotani, umbali wa hatua nne.

"Ndiye mpangaji wa juu," mama mdogo alinong'ona. "Baba yako mdogo ndivyo alivyomwita. Huu mwaka wa saba. Makinda mawili, yana siku nne."

Akafungua droo ya cherehani, akatoa daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Marehemu alikuwa karani wa posta miaka thelathini, na kwake yeye jambo lisilo na tarehe halikutokea. Darubini alisoma akitabasamu. *Tarehe 4. Mpangaji wa juu kafika. Amechoka, hakuzungumza na mtu.* *Tarehe 19. Mayai mawili. Leo zamu ya mume. Mke kaenda matembezini.* *Tarehe 15. Wameruka wote. Nyumba tupu. Tutaonana.* Hiyo ilikuwa ya mwaka uliopita, na ndiyo ya mwisho kwa mwandiko ule uliolala upande kama mtu anayekimbia upepo. Chini yake mwandiko ulibadilika ukawa wa herufi kubwa zilizoandikwa kwa penseli mwezi uliopita, moja moja. *Tarehe 2. Wamerudi. Hawajui.*

Alilifunga daftari haraka.

"Naandika mimi sasa," mama mdogo alisema. "Sina mwandiko, lakini nikiacha, nitaona kama nimemfukuza mtu. Nataka niandike tu kwamba wameruka. Nikishaandika hivyo, mwaka utakuwa umekwisha, nami nitajua nimeumaliza."

Shemeji alipita nyuma yao na beseni la nguo mbichi. "Waruke ndiyo, na mie nipumzike! Huu mti wenu unanimwagia majani kwenye nguo za watu kila siku. Na humu ndani giza mpaka nachoma vidole. Siku moja nitaukata, wallahi, niuache na kichwa cha mwanajeshi."

"Ukate uone," mama mdogo alisema, na wote wakacheka.

Siku mbili Darubini alijizuia. Alikunjua vitambaa, alishika ncha ya futi alipoambiwa ashike, alisikiliza habari za ugonjwa na za maziko, akalia kidogo pale pa kulia. Lakini kila alipoinua macho, mkia ule ulikuwa pale dirishani ukipepea, na kidole chake cha shahada kilikuwa kikijikunja chenyewe. Mtu akizoea kunywa, hata maji ya kunawa anayaangalia mara mbili.

Siku ya tatu, mchana, mama mdogo alikwenda kupeleka sare shuleni. Shemeji alikwenda sokoni. Nyumba ikabaki na yeye na soksi.

Alijiambia ni picha moja tu. Alijiambia pia kwamba picha hiyo itamfaa mama mdogo, itabandikwa kwenye daftari, na hilo kwa kiasi fulani lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimdanganya vizuri. Alisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu chini ya mpera, akaangalia. Majani. Kitawi kimoja kilipita mbele ya jicho la ndege, cha pili kilikata mkia katikati, cha tatu kilitia kivuli cha madoa kifuani.

Sasa, kanuni aliijua. Kwenye kikundi chao ndiyo ya kwanza kufundishwa, na yeye mwenyewe alikuwa akiwakaripia wageni kwayo: tawi linalokuzuia halikatwi. Linafungwa pembeni kwa uzi, dakika chache, kisha linafunguliwa, kwa kuwa jani lililo mbele ya kiota si uchafu, ni mlango wa nyumba ya mtu. Na uzi! Alikuwa katika nyumba ya fundi cherehani. Ndani kulikuwa na nyuzi za kila rangi, rafu nzima. Lakini kufunga kunataka subira, vitawi vitatu ni mafundo matatu, na jua la saa kumi lilikuwa limeanza kuingia pembeni kwa ile rangi ya asali isiyokaa. Aliingia ndani kutafuta uzi. Jicho lake likaangukia msumari ukutani.

Mkasi ule ulikuwa mzito na baridi. Ulikata vile vitawi kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya mtu anayetafuna mfupa. Alivitupa nyuma ya tangi la maji, akaufuta mkasi kwa suruali, akaurudisha. Kisha akapiga picha. Mpangaji wa juu aliruka, akazunguka, akalia kwa hasira, akakaa mbali, akarudi, akaruka tena. Saa nzima na nusu. Mara moja tu alikaa ukingoni mwa kikombe, mdudu mdomoni, makinda mawili yameinua shingo, mkia wote umeshuka kama utepe, na mwanga ukampitia mpaka kila unyoya ukahesabika. *Ishike hapo hapo*, Darubini alinong'ona. *Haya, achia.*

Shemeji alitangulia kurudi, na mama mdogo alipofika, kamera ilikuwa imekwisha lala ndani ya begi. Giza lilikuwa linaingia. Hakuna aliyeuangalia mti.

Kunguru alikuja kesho yake, saa mbili asubuhi. Darubini alikuwa anapiga mswaki aliposikia wale wazazi wakipiga kelele kama bati linalokwaruzwa. Alipofika dirishani, mama mdogo alikuwa ameshatoka mbio, futi shingoni, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna, akipunga mikono hewani: "Toka! Toka wewe! Toka!" Kunguru hakuwa na haraka. Kutoka juu ya paa la jirani kiota kilionekana kama kikombe kilichowekwa mezani. Alichukua kinda la kwanza, akaenda nalo ukutani, akarudi kwa la pili mama mdogo akiwa chini yake ameshika jiwe ambalo mkono ulikataa kulitupa, asije akakivunja kiota.

Baadaye alisimama pale, macho yake kwenye kile kikombe kitupu tu. "Mwaka wa saba," alisema. "Hawajawahi kuguswa."

Akarudi ndani kwa kuwa kazi ilikuwa inangoja. Alitandaza kitambaa cha suti ya mteja, akachora kwa chaki, akaushusha mkasi ukutani. Mkasi ulikwenda shubiri moja, ukakwama, ukatafuna. Mama mdogo aliutoa, akautazama. Akaupeleka dirishani, akaufungua wote, akapitisha kidole. Kwenye msumari unaounganisha pande mbili palikuwa na utomvu uliokauka na kijani kidogo cha jani.

Hapo ndipo alipouinua uso na kuuona mti. Vidonda vitatu vyeupe, vilivyokatwa sawasawa.

"Mkasi huu," alisema polepole, "alininunulia mume wangu nilipomaliza kujifunza kazi. Haujawahi kukata hata karatasi."

Shemeji alikuwa anapiga pasi. Aliiweka pasi wima.

"Mama, si mimi."

"Sijasema ni wewe. Nauliza."

"Unaniangalia mimi."

"Ulisema utaukata."

"Nilisema kwa utani! Mama, jana nilikuwa sokoni. Mimi nikate mti wa baba, kwa mkasi wako? Nina wazimu?"

"Ulirudi kabla yangu."

Pasi ilikuwa inafuka moshi mwembamba. Darubini alikuwa kwenye kiti cha pembeni, ameshika vifungo vinne kiganjani. Ulimi ulikuwepo, maneno yalikuwepo: *Ni mimi.* Silabi tatu. Lakini aliona jinsi silabi hizo zingevuta nyingine nyuma yake kama uzi unaofumua mshono: ni mimi, nilikuwa na kamera, nilikuja na kamera msibani, nilikuwa na kamera siku ile ya mazishi pia. Na mbele ya watu wote alikuwa amesemewa asilaumiwe.

Shemeji alimgeukia. Alimwangalia tu, na kwenye macho yale ilikuwemo soksi, na lenzi, na siri yetu. Alimpa nafasi. Nafasi ilikuwa ndefu. Mtu angeweza kutia kifungo kizima ndani yake.

"Huyu hapana," mama mdogo alisema, akiwa amefuata macho ya mkwewe. "Huyu na ndege? Angekata mkono wake kwanza."

Darubini aliviangalia vifungo.

Siku mbili zilizobaki hakuna aliyepaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mama mdogo aliuchukua mkasi akalala nao chumbani. Shemeji alipika, akapakua, akaondoka mezani. Siku ya kuondoka, alimsindikiza Darubini mpaka getini kwa kuwa adabu ilimtaka amsindikize, akiwa amembebea begi lile lile.

"Shemeji," alisema, bila kumkabidhi begi. "Una la kusema kabla hujaenda?"

"Nitawapigia nikifika," Darubini alijibu.

Akampa begi. "Haya. Safari njema."

Nyumbani aliifungua picha kwenye kompyuta, na ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga maishani mwake. Aliituma kwenye kikundi, na sifa zikamiminika: hongera fundi, mkono wako ubarikiwe, tufundishe. Mmoja tu, mzee aliyewahi kufundisha shule, aliandika: *Nzuri sana. Hizo nyeupe tatu upande wa kushoto ni nini?*

Alikaa akazikuza. Ncha tatu za vitawi, nyeupe, duara, zimekatwa mkato mmoja. Yeye kazi yake ilikuwa kuangalia mifupa. Mkato na mvunjiko alivijua tofauti yake. Kuzifuta kulihitaji dakika mbili tu. Alifuta ya kwanza, na mahali pake pakawa majani ya kijani, laini kabisa, kama hapakuwahi kuwa na kitu. Akaanza ya pili. Kisha mama yake akaingia na simu mkononi, akaketi kitandani bila kukaribishwa.

"Nimezungumza na mdogo wangu," alisema. "Mambo pale si mazuri. Yule mkwe ameukata mti wa marehemu."

"Nani kasema?"

"Mti umekatwa, haukujikata. Mdogo wangu amemnyang'anya ufunguo wa chumba cha kushonea. Binti naye amenuna, anasema mumewe akirudi wahame. Na lile daftari la marehemu, mdogo wangu amelifunga, anasema haandiki tena." Alitikisa kichwa. "Mtu gani anaweza kumfanyia mjane kitu kama hicho? Wewe ulikuwa kule. Hukuona chochote?"

Kwenye kompyuta ncha mbili nyeupe zilikuwa bado zinamwangalia. Aliirudisha ile ya kwanza. Zikawa tatu.

"Niliona," alisema. "Jumamosi nakwenda."

Alikwenda bila kamera, na ajabu begi lilikuwa zito kuliko siku ile. Alimkuta mama mdogo peke yake, anashona kwa taa mchana, ingawa mwanga uliingia tele kupitia pale pasipo na majani. Darubini aliisahau hata shikamoo. Alitoa bahasha, akaiweka picha juu ya meza ya kukatia.

Mama mdogo alivaa miwani. Kwanza uso ulimlainika. "Jamani. Mpangaji wa juu." Alimgusa ndege kwa ncha ya kidole, akayagusa makinda, moja, la pili. Kisha kidole kikaenda upande wa kushoto, kikasimama.

"Na hivi?"

"Ni mimi, mama. Nilikata mimi. Kwa mkasi wako. Ulikuwa umekwenda shuleni na sare. Nilitaka picha." Sauti ilikuwa ikimtoka kama si yake, lakini aliiacha itoke. "Na siku ya mazishi, mtandao ulikuwepo. Simu niliizima mwenyewe, kwa ajili ya ndege."

Mama mdogo alivua miwani. Aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani akalizungusha taratibu, sindano ikapanda ikashuka, ikapanda ikashuka, bila kitambaa.

"Nilikusemea," alisema mwishowe.

"Ndiyo mama."

"Mbele ya watu nilikusemea. Wakati wewe mwenyewe..." Alipaza sauti kuelekea uani. "Mke wa mwanangu! Njoo." Kisha akamgeukia Darubini. "Mimi umeshaniambia. Mwambie yeye."

Shemeji alikuja na mikono yenye sabuni, akasimama mlangoni. Kizingiti hakukivuka. Darubini alimwambia. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu huyu alikuwa anajua.

"Nilijua," shemeji alisema.

Mama mdogo alishtuka. "Ulijua? Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mama? Ulisema angekata mkono wake kwanza. Mimi wa kuja ningemshitaki mwanao aliyekuja kuhani? Ungenisadiki?"

Mama mdogo aliutoa mkono kwenye gurudumu. Alisimama, akafungua mkufu wa funguo kiunoni, akautoa mmoja. Hakumtupia wala hakuuweka mezani. Alitembea nao mpaka mlangoni, akaushika ule mkono wenye sabuni, akaufunga ufunguo ndani yake, na akabaki ameushika.

"Nisamehe, mama yangu," alisema mtu mzima yule kwa mkwewe. Darubini aliangalia sakafu. Kumbe aibu yake alikuwa ameigawa, na sehemu kubwa ilikuwa imebebwa na asiyestahili.

Kisha likatolewa daftari. Mama mdogo alilifungua kwenye ukurasa wa mwisho. *Tarehe 6. Kunguru. Mti umekatwa na mtu wa ndani.*

"Andika," alisema. "Marehemu hakuacha jambo bila mwenyewe."

Alishika penseli. Aliandika kwamba vitawi vitatu vilikatwa tarehe tano, saa kumi jioni, kwa mkasi wa nguo, na akaandika nani aliyekata. Alipotaka kumalizia kwa *Darubini*, mama mdogo aligonga karatasi kwa kidole.

"Jina lako lote. Hilo lingine alikupa yeye kwa mapenzi, liache."

Akaandika jina lake lote.

Mkasi alipewa aupeleke kwa mnoaji, mtaa wa pili. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akatazama cheche zikiruka kutoka kwenye jiwe, akarudi nao umefungwa kwenye gazeti. Mama mdogo aliujaribu kwenye kipande. Ulikwenda vizuri, ukaimba, halafu karibu na ncha ukashika kidogo.

"Pamebaki pengo," alisema.

"Naurudisha sasa hivi."

"Acha. Akizidi kunoa ataumaliza." Alijaribu tena, akauinamisha kiasi, akapita. "Nitajizoesha."

Shemeji alileta chai kwenye sinia. Alimwekea kikombe mbele yake, sukari kando, kijiko juu ya kisahani, kila kitu mahali pake. Darubini aliinua macho, akangoja. Alingoja bundi, alingoja mguu wa chuma, alingoja hata tusi.

"Karibu chai, kaka," shemeji alisema kwa heshima, akarudi kwenye nguo zake.

Nje, juu ya mpera, kile kikombe kitupu kilikuwa bado kipo, na mwanga wa saa kumi ulikuwa umekijaza.